Baba na Mwana: Peugeot 404 na Peugeot 504 katika Mizani ya Uhakiki

Katika ua wa gereji moja ya Temeke, si mbali na Tandika, magari mawili yameegeshwa ubavu kwa ubavu chini ya mwembe. La kwanza ni Peugeot 404 ya saluni. Halina injini, kioo chake cha nyuma kimeondolewa, na badala ya magurudumu limewekwa juu ya matofali. La pili ni Peugeot 504 ya abiria, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Nalo limechakaa hata rangi yake ya asili haijulikani tena, lakini asubuhi niliyofika liliwashwa, likatoka, likaenda kupakia mifuko ya saruji, likarudi. Fundi mwenye ua ule alinieleza kwamba mnunuzi wa chuma chakavu amekwisha kuja mara mbili kuitazama 404, na kwamba safari ya tatu huenda akaondoka nayo.

Makala haya yamezaliwa katika ua huo. Huenda msomaji akashangaa kuona magari yanaingia katika kurasa zilizozoea mashairi na insha. Lakini sisi watu wa pwani tumehakiki vyombo tangu zamani. Mabaharia waliokaa forodhani hawakuitaja jahazi kwa ukubwa wake tu; waliitazama omo na tezi, wakapima inavyokaa majini, wakamtaja fundi aliyeiunda na kumlinganisha na fundi mwingine. Huo ulikuwa uhakiki kamili, wenye fani na maudhui. Gari lililotumika katika nchi kwa miaka hamsini halistahili kupimwa kwa jicho hafifu zaidi ya hilo.

Mabishano juu ya magari haya mawili hayajaisha katika mabaraza ya watu wa makamo, yawe ya Magomeni na Mwananyamala au ya ng'ambo yetu hapa visiwani. Wanaoipenda 404 huanza na umbo lake na kumaliza na ushindi wake. Wanaoipenda 504 huanza na mizigo iliyobeba na kumaliza na umri wake. Nadhani pande zote mbili hukosea kwa namna moja: kila upande huuliza gari lenyewe lilifanya nini. Swali ninalotaka kuliweka mbele ni jingine: kila moja lilimtaka mtu awe nani, na lilimwachia nini.

Tuanze na baba. Peugeot 404 ilitolewa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia. Nyumba hiyo hiyo iliwachorea Waingereza magari ya Austin Cambridge na Morris Oxford ya wakati ule, na kwa hiyo wakongwe wetu wanaokumbuka kuyachanganya magari hayo barabarani hawakosei: mkono uliochora ulikuwa mmoja. Bodi ni ya mistari iliyonyooka, paa jepesi, na nyuma kuna mapezi mawili yaliyoinuka kidogo kama ya samaki. Gia zake ziko kwenye usukani. Injini ya sentimita za ujazo 1618 imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iweze kuwa chini. Kila kitu kimepangwa kwa urari, na jicho huipokea kama sikio linavyopokea ubeti uliotimia vina.

Wako wanaoyasema vibaya mapezi yale. Husema kwamba hayana kazi, kwamba ni pambo la enzi iliyopenda kujionyesha, na hukumbusha methali ya uzuri wa mkakasi. Sikubaliani nao. Mkakasi hulaumiwa kwa sababu ndani yake mna kipande cha mti tu. Mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe hatuulaumu, kwa sababu nyuma ya maua na minyororo iliyochongwa kuna mbao nene inayostahimili karne. Pambo huwa uongo pale tu linapoficha udhaifu, na 404 haikuwa na udhaifu mkubwa wa kuficha.

Ushahidi wa jambo hilo ulitolewa hadharani. Mbio za Safari za Afrika Mashariki, zilizoanzishwa mwaka 1953 na kukimbiwa wakati wa Pasaka, zilipita katika matope ya masika na vumbi la nyika, na aghalabu magari mengi zaidi yaliishia njiani kuliko yaliyofika. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyomaliza, na lililotangulia lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967 ushindi ulikwenda kwa 404 ya Bert Shankland na Chris Rothwell; Shankland alikuwa Mskoti aliyeishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff walirudia ushindi wao, na mara hiyo pia waliofika walikuwa saba. Ushindi mara nne katika miaka sita si bahati. Tena gari lililoshinda halikuwa la ajabu: lilikuwa saluni ya aina ile ile iliyouzwa dukani, iliyoimarishwa kwa ajili ya njia. Aliyeiona ikipita alikuwa na haki ya kuamini kwamba iliyo barabarani kwao ni ndugu yake wa kweli.

Lakini mhakiki hapaswi kusimama kwenye ushindi. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Wiki saba baadaye, katika Pasaka ya mwaka huo huo, 404 ya mkazi wa Dar es Salaam ikashinda Safari kwa mara ya pili mfululizo. Mambo haya mawili hayakupangwa pamoja, ila yakiwekwa pamoja yanaonyesha mahali pa gari lile katika jamii. Wakati viongozi walipokuwa wakiambiwa waachane na hisa na nyumba za kupangisha, gari binafsi lilikuwa bado ni cheo. Mwenye 404 alikuwa mtu wa ofisi, mfanyabiashara, daktari au mkubwa wa serikali. Watu wa Temeke na wa Kinondoni, katika vitongoji vilivyokuwa vikipanuka upande wa mashamba na mikorosho, waliijua zaidi kwa kuitazama ikipita kuliko kwa kuipanda. Sehemu kubwa ya sifa za 404 tunazozisikia leo ni sifa za watazamaji. Hilo haliziharibu, lakini lazima lisemwe.

Sasa mwana. Peugeot 504 ilikusudiwa kutolewa katikati ya mwaka 1968, ikacheleweshwa na migomo iliyoitikisa Ufaransa mwezi wa Mei, ikaonekana Septemba. Mwaka uliofuata ikatuzwa Ulaya kuwa gari bora la mwaka. Nayo ilichorwa Pininfarina, lakini mapezi yamekwisha. Taa za mbele zimekatwa pembe kama macho yaliyorefushwa kwa wanja, na mfuniko wa buti umevunjika katikati kwa mteremko ambao wengine hawakuupenda hadi leo. Ukiitazama mara ya kwanza baada ya 404 huona kama shairi lililoacha vina. Ukiitazama mara ya kumi huona kwamba urari haujapotea; umehamia mahali pengine.

Umehamia chini. 404 ya saluni ilikuwa na ekseli moja ngumu nyuma: gurudumu moja likipanda jiwe, la pili hupata habari. 504 ya saluni ilipotoka mwanzo, kila gurudumu la nyuma lilijitegemea. Zile za abiria wengi na za mizigo, pamoja na baadhi ya saluni, zilibaki na ekseli ngumu, lakini ile ndefu ya abiria ilipewa springi nne nyuma badala ya mbili. Katika aina zote springi zilikuwa na nafasi kubwa ya kushuka na kupanda. Aliyewahi kukaa ndani ya 504 katika njia ya mashimo anakumbuka namna inavyoinama, inavyonyanyuka na kuendelea, kama chombo kinachokwenda na wimbi badala ya kupigana nalo.

Hapa mfano wa mtepe unafaa. Mtepe haukupigiliwa misumari; mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na kwa sababu hiyo uliweza kulegea ulipogusa mchanga, pale ambapo chombo kilichokazwa kwa chuma kingepasuka. Na kamba ilipochakaa, watu wa ufukweni waliisokota nyingine. Uimara wa namna hii una sehemu mbili: chombo kinakubali kupinda, na watu walio karibu nacho wanaweza kukirekebisha. Kwa maoni yangu 504 ilikuwa na zote mbili, na ya pili ndiyo kubwa.

Tuzingatie wakati iliotumika. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni zilizobaki. Mafuta yakawa haba hata magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Spea hazikuagizwa kwa sababu hakukuwa na fedha ya kuagizia. Wakati 504 zikiunganishwa Mombasa, upande wa pili wa mpaka uliofungwa, fundi wa Keko au wa Mwananyamala alipaswa kuziweka barabarani kwa tindo, tupa, mtungi wa gesi wa kuchomelea, na mpira wa tairi kuukuu aliouchonga uwe bushi. Miaka hiyo iliwavunja wengi, na haifai kuisifu. Ninachosema ni kwamba gari lililokuwa na boneti inayofunguka, injini inayoonekana yote, na kabureta inayosafishwa kwa petroli na pumzi ya mdomo, lilimwachia mtu nafasi ya kujisaidia.

Na waliopanda walikuwa wengine. Ile ya safu tatu iliuzwa kama gari la familia ya watu saba. Katika Afrika Mashariki ikawa chombo cha biashara, ikapakia waliozidi saba. Mama mwenye kapu la samaki, mwanafunzi arudiye skuli ya bweni, mgonjwa apelekwaye hospitali, maiti arudishwaye kwao kuzikwa: hawa ndio wahakiki wa kwanza wa 504. Hawakuisifu kwa kuitazama ikipita. Waliijua kwa magoti yaliyobanwa na viti vya mbele yao.

Hapo ndipo hoja ya ushindi inapohitaji kurudiwa. Watetezi wa 504 hupenda kujibu kwamba nayo ilishinda Safari, na ni kweli. Mwaka 1975 ilishinda saluni ya Ove Andersson na Arne Hertz, na mwaka 1978 ikashinda ya Jean-Pierre Nicolas na Jean-Claude Lefebvre. Lakini ile ya 1978 ilikuwa ya milango miwili, yenye injini ya silinda sita, na kwa gari la safu tatu lililopakia mihogo ilikuwa ndugu wa jina zaidi kuliko wa damu. Tena kwa wakati huo mbio zilikuwa zimekwisha kubaki Kenya. Mtu wa Tanzania alizisikia redioni. Kwa hiyo anayeitetea 504 kwa vikombe anaitetea kwa hoja ya mwenziwe, tena iliyo dhaifu kuliko ya mwenziwe. 504 haihitaji vikombe. Shahada yake ni kwamba Ufaransa iliacha kuunda saluni hiyo mwaka 1983, na Afrika iliendelea kuiunganisha na kuitumia miaka mingi baadaye.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani hukumu imekwisha kutolewa: 404 ni gari la wachache, 504 ni la wengi, na uhakiki wenye kujali watu utamchagua mwana. Mimi mwenyewe nilifika Temeke nikiwa na hukumu hiyo mfukoni. Aliyeivuruga ni fundi.

Nilimwuliza kwa nini 404 haina injini. Akanitazama kidogo, akasema, "Ndugu yangu, injini ya hii unayoiona ilikwenda ndani ya hii nyingine." Akanionyesha kwa spana, kutoka gari moja hadi jingine. Kisha akaeleza. Kipenyo cha silinda za 404 ni milimita 84. 504 za kwanza, zile za sentimita za ujazo 1796, zilibakia na kipenyo hicho hicho. Kilichoongezwa ni mwendo wa pistoni, kutoka milimita 73 hadi 81. Hata ulalo wa injini haukubadilika. Watengenezaji hawakumtupa baba walipomuunda mwana. Walimpa moyo wa baba uliorefushwa. "Kwa hiyo wakati wa dhiki," alisema fundi, "vilivyoingiliana tulivitoa hapa tukavitia pale. Visivyoingiliana tulivipiga tupa mpaka vikaingia. Tuliila 404 ili 504 iishi."

Maneno hayo hayakunitoka. Tunapouliza kwa nini 504 zilionekana hadi juzi na 404 zikatoweka mapema, tumezoea kujibu kwamba ya pili ilikuwa imara zaidi. Jibu la fundi ni jingine: ya kwanza ililiwa. Umri wa mwana una miaka ya baba ndani yake. Na aliyeihamisha miaka hiyo, kipande kwa kipande, si kiwanda cha Ufaransa wala mshindi wa mbio. Ni mtu asiyetajwa, mwenye mikono ya grisi, katika ua wa mchanga huko Temeke na Kinondoni.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa fani, 404 ni kazi bora zaidi. Hakuna mstari katika bodi yake ambao ningeuondoa, na ushindi wake ulikuwa wa haki. Kwa utumishi, 504 ina daraja ambalo 404 haikulifikia, kwa sababu ilijua kupinda na iliwabeba wale ambao gari lilikuwa halijawahi kuwabeba. Lakini sifa kubwa tunayoipa 504, ile ya kudumu, si yake peke yake. Ni sifa ya ufundi wa watu uliotumia magari yote mawili kama lugha moja. Mwenye kuisifu 504 bila kumtaja fundi ni sawa na mwenye kuisifu ngano bila kumkumbuka aliyeisimulia hadi ikatufikia.

Itasemwa kwamba haya ni majonzi ya wazee, na kwamba vijana wa leo nao ni mafundi. Ni kweli kwamba ni mafundi. Baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mlango ulifunguka, na taratibu magari ya mitumba kutoka Japani yakashika barabara zote, kuanzia Barabara ya Kilwa hadi ya Bagamoyo. Toyota hizo zimewanufaisha watu wengi kuliko Peugeot yoyote, na kijana anayesoma ugonjwa wa gari kwenye kompyuta ana elimu ambayo mzee wa Temeke hana. Siombi tuirudie dhiki ili tupate ufundi wake. Ninachoomba ni kidogo: kwamba elimu iliyopatikana kwa gharama ile isiuzwe kwa kilo.

Kwa maana sasa ndivyo ilivyo. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yamehifadhi magari yaliyowahi kuwabeba watawala, na ni vyema yakahifadhiwa. Magari yaliyowabeba watawaliwa yamebaki na mwembe. Tumekusanya tenzi kutoka vinywani mwa wazee kabla hawajaondoka, tumeandika majina ya nyota na pepo kutoka kwa manahodha; lakini sijui ni nani aliyekaa na fundi wa miaka ya dhiki akaandika namna bushi ilivyochongwa kutoka katika tairi, au kipi cha 404 kiliingia katika 504 na kipi kilikataa. Ni historia ya nchi kama ilivyo historia ya mazao na ya vyama. Na chanzo chake kinazeeka.

Siku hiyo nilikaa uani hadi alasiri, nikiwa na daftari. Fundi alitaja, nikaandika. Nilipokosea aliniamuru nifute. Tulipokuwa katikati, kijana mmoja aliingia kutoka Mbagala, akamwamkia mzee shikamoo, akaeleza kwamba 504 ya babake imevunjika mkono wa kupandishia kioo na kwamba ameutafuta Gerezani na Ilala bila kuupata. Fundi hakusema neno. Alimwashiria mwanafunzi wake, naye akachukua bisibisi, akafungua mlango wa 404, akapiga magoti kwenye mchanga, akaanza kulegeza skrubu.